Samsoni Elungat wa Mella, Aliyeliliwa Akiwa Hai (1904–1962)

Zamani mtu akifa Mella, kilio kilivuka mto kabla jua halijapanda na watu wakaja bila kuitwa. Leo tunamzika Samsoni Elungat, tumetuma wajumbe hadi Masinya na Buteba, na mabenchi tuliyoazima kanisani yamekaliwa na kuku.

Marehemu alizaliwa hapa Mella mwaka 1904, kifungua mimba wa mzee Ojangole na mama Amoit. Aliyemfuata ni Okanya, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya na anayeyasoma.

Mwaka 1915 alipelekwa shule ya misheni upande wa Tororo, akasoma hadi darasa la nne. Baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja. Basi kila jioni Elungat alirudi akamchorea mdogo wake herufi kwenye majivu ya jikoni, na asubuhi mama akazifagia. Okanya ilimbidi ajue kusoma kabla ya ufagio. Siku hizi watoto wana madaftari yenye picha ya Malkia, na ukiwauliza jina la babu yao wanaangaliana.

Reli ilipofika Tororo, marehemu alipata kazi ya kupiga kengele na kuita abiria stesheni. Hakupewa kipaza sauti, wala hakukihitaji. Alikuwa akiita, “Malaba! Bungoma! Eldoret! Nakuru! Nairobi!” na mama mmoja muuza ndizi alisema Elungat akiitaja Nairobi yeye huona baridi, hujifunga shuka.

Tarehe 6 Aprili 1929 alifunga ndoa na Ariokot, binti wa mzee Ecweru wa Buteba. Walijaliwa watoto wawili, binti Alungat na mwana Oriokot. Homa ilimchukua Ariokot tarehe 2 Juni 1948. Elungat alimzika mkewe macho makavu, kwa kuwa mwanamume wa kwetu alikuwa akimeza machozi na kuwaachia wanawake kilio. Alichobaki nacho ni mtungi wake wa maji. Hakuna aliyeruhusiwa kuuchotea.

Mwaka 1955 bwana mmoja wa redio alishuka Tororo kubadili treni, akamsikia akiita. Walikuwa wakitafuta mzee wa kuigiza katika mchezo wa kila Ijumaa jioni, habari za mtu anayefiwa na wake zake, wanawe na ng'ombe wake, akabaki peke yake na boma. Elungat akawa anapanda treni kila mwezi kwenda Nairobi kurekodi, na mtungi wa Ariokot kapakata. Penye kilio aliingiza uso ndani ya mtungi, akalia humo. Nchi nzima ilimsikia. Walioketi mbele ya redio ya mwenye duka pale Busia wanasema hata polisi wa mpakani waligeukia ukuta.

Okanya alimuuliza, “Kaka, siku ya shemeji hukulia. Huko unalia vipi mbele ya watu?”

“Kule niko kazini,” akajibu. “Mtu hachekwi kwa kazi yake.”

Basi tarehe 9 Agosti 1957, Ijumaa, yule mzee wa mchezoni akafa. Tangazo la sabuni likafuata.

Jumamosi asubuhi watu walianza kumiminika Mella. Walitoka Masinya, walitoka Buteba, wengine walivuka kutoka ng'ambo ya Kenya, wanawake mikono kichwani, unga wa mtama na kuku mabegani. Mbele yao alikuwa mama Specioza wa Masinya, ambaye kwa kulia hakuwa na mpinzani. Alipofika uani alimkuta Elungat kwenye kigoda, anamenya kiazi kitamu.

“Mzee! Si ulikufa?”

“Nilikufa Nairobi, mama. Habari bado haijafika Mella.”

“Wee! Mimi natembea tangu alfajiri, nakuja kulia mtu, nakuta mtu nakula kiazi!”

“Karibu kiazi, basi.”

“Wacha mchezo! Hii unga ya kilio narudisha wapi? Nyumbani haiwezi kurudi.”

Na kweli haiwezi. Unga uliobebwa kwenda matangani ukirudi, unarudi na kifo, na wakati ule watu bado walijua jambo hilo. Wakapika. Wakakaa. Specioza, kwa kuwa alikuwa amekuja kulia, akalia, na wengine wakampokea, kila mmoja akitaja jina la mtu wake. Alipomsifu Elungat kwamba ameacha ng'ombe kumi, marehemu alisema polepole, “Saba,” akaendelea kusikiliza.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu husimulia kwa kicheko. Iliyofuata hawaisimulii. Mtu mwenye haraka ya wema alikuwa amempigia mwanawe Oriokot simu ya maandishi huko Nairobi alikofanya kazi. Jumatatu kijana akashuka Tororo amevaa nguo nyeusi, akamkuta baba yake anafunga ndama.

“Baba, nimeacha kazi nije kuzika sauti?”

“Umekuja, mwanangu. Kaa ule.”

Hakukaa. Alirudi na treni ya siku ile ile, na tangu hapo hakukanyaga Mella.

Redio nayo haikumwita tena, maana mzee wa mchezoni hafufuki. Penye mtungi wa ajon, pombe yetu ya wimbi tunayoinywa pamoja kwa mirija, mrija wake ulikuwa umeshapewa mtu mwingine, kama inavyofanywa kwa mrija wa marehemu, na hakuna aliyeona haya kumwambia. Watu walimsalimu kwa mbali, kama mtu waliyekwisha kumalizana naye. Kisanduku kile kimetufundisha kulia kwa saa iliyopangwa na kunyamaza sabuni ikitajwa, lakini hakikutufundisha la kumfanyia aliyebaki hai.

“Okanya,” alisema siku moja, “kilio cha mtu ni kimoja. Changu kimekwisha. Nikifa, nani atalia?”

“Nitalia mimi.”

“Wewe! Wewe hata moshi haukutoi chozi.”

Mwishoni mwa mwaka jana alianza kuugua kifua. Alitibiwa hospitali ya Tororo, akaruhusiwa kurudi nyumbani mwezi Februari. Sauti ilikuwa imekwenda, umebaki mkwaruzo. Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 13 Machi 1962, alfajiri. Wajumbe waliofika Masinya walijibiwa, “Huyo tulishamlia.” Mama Specioza angekuja, lakini alitangulia mwaka juzi.

Ameacha mdogo wake Okanya, binti yake Alungat aliyeolewa Buteba, wajukuu wanne, na mwanawe Oriokot. Oriokot amepelekewa simu. Hatujui kama ameiamini. Mungu ampe Elungat pumziko ambalo halitatangazwa popote.

Okanya alimwona mara ya mwisho Jumamosi iliyopita, jioni. Alipoaga, kaka yake alimshika mkono. “Ukifika mtoni, simama. Nataka kujua kama inafika.” Okanya hakuelewa, akaenda. Kutoka kivukoni nyumba ile inaonekana yote, mlango na uwanja. Alipogeuka alimwona Elungat amekaa kizingitini, mtungi mapajani, uso umo ndani. Kisha sauti ikamfikia, mbaya, imekwaruzika, lakini ilifika. “Elungat wee! Elungat wa Amoit! Umetuachia nani?” Alikuwa akijililia mwenyewe, kwa maneno ya wanawake, bila kuruka hata moja. Hapo mtoni palikuwa na mwanamke wa ng'ambo akichota maji, Aidah, yule aliyekaa pale nyuma. Hakuwa na redio kwao. Aliweka mtungi wake chini, akauliza, “Baba, nani amekufa?” Okanya akasema, “Kaka yangu.” Aidah akaweka mikono kichwani, akaupokea ule mlio kama walivyokuwa wakiupokea mama zetu, mara moja, mara mbili, mpaka ndege wakaruka mateteni. Kule mlangoni Elungat alitoa uso ndani ya mtungi. Akaangalia upande wa mto, akasikiliza. Kisha akainua mkono.