Jemima Dama Dzombo, wa Bweni la Pili, Kitanda cha Tisa

Siku moja kisimani, hapa Ramisi, jirani yake Mwanarusi alimuuliza marehemu, "Mama Mbodze, hebu niambie leo, kwenu hasa ni wapi?" Marehemu alitua ndoo, akasimama wima, akajibu, "Bweni la pili, kitanda cha tisa." Wanawake walicheka hadi maji yakamwagika. "Huyu naye kwa mizaha!" akasema Mwanarusi. Haukuwa mzaha. Mwanarusi alinisimulia haya juzi huku akilia.

Marehemu Jemima Dama alizaliwa nje ya Kinango mwaka 1930, kitinda mimba wa Mzee Dzombo na Bi Kahaso. Siku yenyewe hatuijui. Ile iliyoandikwa katika karatasi zake zote, tarehe 4 Machi 1931, ni siku aliyopelekwa. Mama yetu alifariki siku ya saba baada ya kumzaa. Mimi dada yake, niandikaye haya, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikamnywesha maziwa ya mbuzi na kumbeba mgongoni. Kisha meno yakaota, na ya juu yakatangulia. Wazee mlioketi hapa mwajua lilivyosemwa jambo hilo zamani: mtoto wa namna hiyo ni kigego, huleta vifo nyumbani, na mama yake si amekwisha kufa? Baba hakutaka adhuriwe. Akaamua kumpeleka kwenye nyumba ya watoto ya misheni. Nilimbeba mpaka njia panda, nikamfungua mgongoni, nikamkabidhi baba. Nilirudi nyumbani na leso tupu.

Huko alibatizwa Jemima, akasoma hadi darasa la nne, akajua kushona na kupiga pasi. Nasema kwa haki, hawakumtesa. Walimlisha, walimvisha, na mpaka mwisho wake aliwaombea kwa Mungu. Lakini walezi walikuwa wa zamu. Aliyemzoea Januari, Juni amehamishwa. Wageni walipofika, watoto walipangwa mstari wakaimba, na wageni wakaenda zao. Baba alikwenda mara moja, na kibuyu cha maziwa mkononi. Mtoto akajificha nyuma ya wenzake. Baba akaona haya, hakurudi tena.

Mwaka 1946 alitolewa, ana sanduku moja, akaajiriwa kufua na kupiga pasi katika nyumba ya Wazungu kule Diani, na baadaye hotelini. Tarehe 12 Septemba 1953 alifunga ndoa kanisani na Thoya wa Ngala, mkata miwa, mtu mcheshi mno. Thoya alikuwa akitusimulia kwamba juma la kwanza, kila alfajiri, alimkuta mkewe amesimama kando ya kitanda kilichotandikwa, mikono nyuma. "Mke wangu, wamngoja nani? Hapa hakuna mkaguzi, ni mimi na kuku tu." Marehemu alicheka, na kesho yake akasimama tena. Maji ya mtungini, nyumbani kwake mwenyewe, aliyaombea ruhusa. Mbodze alipozaliwa, mwaka 1954, akalia, mamaye alisimama mlangoni akimtazama tu.

"Mchukue, ni wako," Thoya akamwambia.

"Naruhusiwa?" akauliza.

Mimi nilimpata mwaka 1958, baada ya baba kufariki, kwa kuulizauliza njia nzima. Alinipokea kwa adabu: "Shikamoo, mama." Nikamwambia, "Mimi si mama, Dama. Mimi ni dadako, niliyekubeba." Alinitazama sana. Akaleta kiti, akaleta uji, kisha akauliza, "Waondoka saa ngapi?" Miaka kumi na miwili nimekuja kwake, na kila mara, kabla sijavua viatu, swali lilikuwa lile lile. Mwanzoni nilidhani ananifukuza.

Desemba 1963, juma la sherehe za Uhuru, alijifungua mtoto wake wa mwisho. Majirani walitaka aitwe Uhuru. Akakataa: "Sherehe huisha. Nampa jina la mama yetu." Ndipo nikamletea ile leso ya njia panda, niliyoihifadhi miaka yote. Akajifunga Kahaso mgongoni mbele yetu, wala hakuomba ruhusa kwa mtu. Sikupata kumwona na furaha kama ya siku hiyo, si kabla wala baadaye.

Thoya alifariki kwa homa mwaka 1967. Mwezi wa Aprili mwaka huu marehemu alianza kuumwa tumbo, na Mei akalazwa Msambweni. Wauguzi walimsifu: hata alipokuwa hawezi kusimama, alikitandika kitanda akiwa amekikalia. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Agosti 1970, asubuhi. Chini ya godoro tulikuta vipande vitano vya mkate mkavu, kila kimoja kimefungwa katika kitambaa chake. Alikuwa na miaka arobaini, na hakuna siku aliyoamini kwamba chakula cha kesho kitakuja.

Ameacha binti yake Mbodze, mwanawe Ngala, na Kahaso wa miaka sita. Shemeji yake Mzee Chome, na mimi. Mola amlaze mahali ambapo hakuna wa kumwambia muda umekwisha.

Ndugu zangu, leo baada ya maziko mtakaa kuamua watoto wakae wapi. Mbodze na Ngala wamekwisha kuwa wakubwa. Jana matangani Mzee Chome, kwa nia njema, alisema Kahaso apelekwe kule kule misheni: "Mamaye alikulia huko akatoka mtu, tena mwenye adabu. Kuna ubaya gani?" Sikumjibu, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Nimejibu kwa kuandika haya. Kwangu Kinango mvua haijanyesha, mahindi yamekauka, nami si kijana. Lakini mgongo ninao. Juma la mwisho hospitalini marehemu alinishika mkono. Safari hiyo hakuniuliza naondoka saa ngapi. Alisema:

"Dada, Kahaso msimpeleke. Hata kama chakula hakitoshi, msimpeleke."