Unga wa Choya na Vidonge vya Mama

Hanifu, funga mlango. Arafa, weka kikombe hicho chini, usinywe hata funda moja. Nisikilizeni wanangu, mdomo umeshakwenda upande na sijui utanivumilia mpaka lini.

Nyumba hii ya Makole ni yenu wawili, shehe atawagawia kama sheria inavyotaka, na sitaki kusikia mmevutana. Mashine ya kusagia achukue Hanifu. Lakini ule unga wangu wa choya, yale maua mekundu ya rozela, na kitunguu saumu, ambao watu wa presha wanaufuata hapa kibarazani, hauna mrithi. Vimwageni viroba vyote shimoni leo hii hii.

Usinikunjie uso, Hanifu. Miaka kumi na minne nimewaambia wateja nitazameni mimi, nina presha na kidonge sikijui. Nilikuwa muongo. Kila mwezi nilibeba nikabu mkobani, nikaivaa njiani, nikaenda duka la dawa kule mtaa wa Kikuyu wasikonijua, nikanunua vidonge, nikawa navimeza chooni. Harusi yako ya juzi vikaniishia. Nyumba imejaa wageni, nikaona haya kutoka, siku ya nne nikaanguka. Basi msimtafute mchawi.

Mzee Elieza wa Mtumba aliniamini. Aliacha dozi yake ya hospitali, akaniletea na mbuzi wa shukrani, tukamla hapa tukicheka. Kabla ya mavuno tukamzika. Mjane wake, Loisi, mpaka leo ananiombea dua. Nenda kamwambie ukweli, Hanifu, umwombe anisamehe, na akikutukana nyamaza, baba, ana haki.

Sasa wewe Arafa. Jana nilikusikia ukimwambia nesi aliyekuja kunipima kwamba una presha, na dawa umeacha tangu Ramadhani kwa kuwa unakunywa ya mama. Nimeogopa, mwanangu, kuliko ninavyokiogopa kifo changu. Hukuniambia kama unaumwa. Kuficha umekurithi kwangu.

Usilie hapa. Nenda kituo cha afya sasa hivi ukapimwe, wao ndio wakwambie umeze nini. Sitaki ubaki kunishika mkono. Hanifu, nimekuwia radhi, duniani na akhera. Arafa, yako... yako ninayo, ila siitamki mpaka uvuke kizingiti hicho. Ukirudi ukanikuta kimya, kaka yako atakwambia niliitamka.

Mungu awa... niinueni kidogo. Niuone mlango.

Nenda, mama. Nakuangalia.