Kompyuta Nane na Maji ya Bondeni

Mgeni rasmi uliye Mkurugenzi wa Maji, Mwalimu Mkuu, wazazi mliobanana kwenye viti vya kidato cha kwanza: shikamooni.

KARIBU
Karibu chumba chetu cha hesabu. Mbele yako zipo kompyuta nane, zote nzima, na hazijawahi kukosea hata tarakimu moja.

TULIKOTOKA
Hapo juu tumejisifu kidogo. Mwaka jana zilikosea. Tuligawa ramani ya bonde letu katika miraba elfu kumi, kila kompyuta ipige hesabu ya kina cha maji kwenye fungu lake. Zote zikawa zinafuta na kuandika jedwali moja, kama wapishi wa chungu kimoja: huyu hajaonja, yule keshatia chumvi. Kwenye ramani, maji yakapanda kilima hadi ofisi ya Mwalimu Mkuu. Akatuuliza, "Wanangu, kesho nije kazini nikiogelea?"

MAFANIKIO
Ndipo tukajifunza lugha ya programu isiyoruhusu kufuta. Unaipa kanuni namba, inakurudishia namba mpya. Ya zamani haiguswi. Kila kompyuta husoma jedwali la jana na kuandika fungu lake la leo, bila kumkanyaga mwenzake. Kazi ya saa sita ikaisha kwa dakika hamsini na mbili. Tukairudia mara ishirini: jibu lilelile, hadi tarakimu ya mwisho.

CHANGAMOTO NA OMBI
Mwisho wa mwezi chumba hiki kinageuzwa stoo ya madawati. Dawati, hata ulipange vipi, halitabiri mafuriko. Na bondeni ndiko wanakolala bibi zetu. Tunaomba neno lako moja tu: chumba kibaki.

Mungu akuzidishie umri, na maji yako yasitoke nje ya mabomba.

Ni sisi,
Chama cha Hesabu, "Wasiofuta"

Yafuatayo yanasomwa kwa kulazimishwa. Fundi wa shule, shahidi wetu, amegoma kutia saini bila hayo:

"Mkurugenzi, hapo alipo najua msomaji ameiegemea kompyuta ya nane. Ni kasha tupu tangu mwezi wa tatu. Matumbo yake niliyatoa kuiponya ya tano. Nikasema, leo jibu litavurugika. Wakazigawia zile saba zilizobaki miraba yote, likatoka lilelile. Mimi mzee mzima nikavua kofia. Chumba wapewe. Ila mwambie huyo asogee, ulifungue hilo kasha: ndimo anamoficha viatu vyake vya kuchezea mpira."