Lehemu Isiyo na Mkia

Sogeeni wanangu, na mlango uacheni wazi nione kivuli cha anayepita ukumbini, maana siku hizi nyumba hii ina masikio mengi kuliko watu. Yeslam, kaa mbele yangu, usikae karibu na mlango. Zubeida, mwanangu, iweke ile amplifaya ya kukuzia sauti hapa kitandani, ubavuni mwangu, na waya wake uutoe kabisa ukutani.

Mali yangu sina haja ya kuisema. Nyumba hii ya Changamwe na minazi ya Jomvu Kuu Mwenyezi Mungu ameshaigawa katika sheria yake, na kadhi aijua njia. Ninalotaka kuusia ni hili lisilo langu. Mashine hii ni amana ya watu wa Jomvu; walichanga wao, nikaiunda mimi, na tangu hapo hapajakuwa na arusi, maulidi wala tangazo la maziko pasi na sauti yake. Mwezi ujao bendera ya uhuru yapandishwa, na wameshaiomba kiwanjani. Nanyi mwaona hali ilivyo: huyu asema mwambao utabaki wetu, yule asema tumeuzwa, na jirani amchungulia jirani dirishani. Wakati kama huu amana hakabidhiwi mtu kwa kuwa ni mwana. Hukabidhiwa asiyeiba, nami nasema hivyo kwa sababu humu ndani kuna aliyeiba.

Ijumaa kulikuwa na arusi nyumba ya pili, nami nililala hapa hapa nikiisikiliza. Mashine yangu, kabla haijanena, hunguruma kidogo kama mzee anayesafisha koo. Ijumaa haikunguruma. Watu wakasifu, wakasema imepona. Yaponaje, na tabibu wake yuko kitandani? Palepale nikajua kwamba ile valvu kubwa, taa ya kioo yenye kiuno cha kibuyu, haimo, ile ambayo kiwanda chake kimeacha kuitengeneza na wenye maduka mjini, ng'ambo ya Makupa, waitafuta kama dawa. Nanyi mwajua nilivyoiapia. Nilisema mbele ya mama yenu, Mungu amrehemu, kwamba valvu hii na mimi tu pacha, siku itakayozima nami nitazima, na asiiguse mtu.

Kisha Gona, yule mbeba maji, akaninong'oneza kuwa alimwona Yeslam akirudi kutoka mjini amekumbatia kikasha, akakipitisha mlango wa uani, nami nikaona humo ndimo mlimo bei ya valvu yangu. Usiniangalie hivyo, Yeslam. Lisemwalo lipo. Ulipokuwa ukijifunza kazi hii ulikuwa na haraka, lehemu yako ya kuungia waya ikiacha mikia na mabonge, na kila valvu uliyoishika uliuliza yauzwaje. Kikulacho ki nguoni mwako. Nami nimelala na neno hili kifuani likiniuma kuliko maradhi yenyewe, kwa kuwa nakupenda.

Zubeida, ipindue, fungua bati la chini. Ngoja, usiingize kidole. Kuutoa waya ukutani si kuutoa umeme. Zile kondensa huuweka moyoni kama mtu mwenye kinyongo. Chukua bisibisi yenye mpini wa mbao, iguse pale na bati kwa pamoja. Umesikia ilivyolia? Sasa uongoze mkono wangu, macho yangu hayanifai tena kwa vitu vidogo.

Hii soketi ni mpya, tena ndogo. Basi humu mna valvu nyembamba ya siku hizi, ambayo miguu yake haiingii katika matundu ya ile kongwe. Na hapa waya umepitishwa njia nyingine, maana valvu changa haili umeme sawa na iliyozeeka. Mwizi hafanyi kazi yote hii. Mwizi huchomoa akaenda zake. Nyamazeni, niacheni nipapase.

Lehemu ya mtu ni kama mwandiko wake. Hii ni laini, ndogo kama punje ya mtama, wala haina mkia. Nawajua watu wawili tu wanaoinua chuma cha moto kwa kukizungusha hivi. Mmoja ni mimi, nami sijasimama tangu maulidi.

Zubeida. Walia nini? Nipe hicho ulichokifunga kwenye pindo la leso, unachokishikashika.

Naam, ndicho kiuno cha kibuyu. Nambie, kioo kimeingia weupe kwa ndani? Basi imeingia hewa, imekufa. Tangu lini? Tangu baada ya maulidi. Na kikasha cha Yeslam ndicho kilicholeta hii nyingine. Mkanificha nyote wawili, mkichelea kwamba nikijua imezima nami nitakata roho. Miezi yote hii pacha wangu amekufa, nami ningali hapa, nanywa uji wenu na kuwadhania wezi.

Yeslam, mpe babako mkono. Nisamehe, mwanangu.

Ufunguo wa karakana uko chini ya mto. Chukua, Zubeida, amana ni yako. Wakisema mwanamke hashiki kitu cha mtaa, Yeslam, wajibu wewe, ulimi unao. Kifaa kikifa na dunia haina tena mfano wake, msikiabudu. Tafuteni kilicho karibu nacho, mbadilishe na mahali pa kukaa, ndipo kitakapokaa. Nizikeni Jomvu Kuu, ubavuni mwa mama yenu. Siku ya bendera mashine iende, hata kama matanga hayajaondoka. Gona mpeni salamu zangu... lakini msimwamini sana.

Radhi zangu mnazo. Mungu awape... awape kupendana hadharani, si kwa kufichana. Ifunike, mwanangu. Rudisha waya ukutani, uiwashe... nataka kuisikia.

Hainguru... haingurumi. Vyema. Iache hivyo hivyo.