Mkasi Ndani ya Figo

Kijiwe cha Salad, muuza kahawa, kilikuwa benchi moja tu kando ya soko la mifugo, Kitengela, na mwaka ule wa mvua ya El Niño miguu ya benchi ilizama matopeni hadi wateja wakawa wanakunywa kahawa magoti yakikaribia videvu. Hapo ndipo Naisenya alipofika akihema, mimba ya miezi mitano mbele, karatasi ya dawa mkononi. Alimtafuta Sindano, muuza dawa za ng'ombe, ambaye mtaa mzima humletea karatasi kama hizo awasomee. Naisenya alikuwa na kidato cha nne. Alishaisoma mara tatu. Alitaka tu kuambiwa amesoma vibaya.

— Takwenya, mama, Sindano akamsalimu kwa Kimaasai.

— Iko, Naisenya akaitikia. Soma hapa chini, hizi tembe ni za presha ya mama mkwe, ananigawia moja kila jioni, nimemeza tatu, na hapa wanasema mjamzito asiguse, eti zinazuia kimeng'enya, eti figo ya mtoto haitajengeka, na ya nne, ya leo jioni, ameshaniwekea kwa kisahani!

Sindano alisoma, midomo ikicheza.

— Umesoma sawa.

Naisenya akashika ukingo wa benchi.

— Ngoja, akasema Kisu, mwenye bucha. Kimeng'enya si ni ya tumbo? Ya kukata chakula?

— Hivyo ndivyo tulifunzwa, Naisenya akasema, na ndiyo sielewi, kitu ya kukata inajengaje?

— Suti haishonwi bila mkasi, Sindano akajibu. Figo inaanza kama kachipukizi, inatoa matawi. Kuna vimeng'enya vya kuikatia njia. Hiyo yenye tembe inazuia, inapika kitu ya kuambia figo ikue.

— Ndio maana figo ya ng'ombe iko na mafundo kama zabibu, na ya mbuzi ni laini! Kisu akarukia. Vya ng'ombe vilienda chai kabla ya kumaliza kazi.

— Na ngamia? Salad akauliza, birika mkononi. Wiki mbili bila maji! Vyake vilipiga ovataimu. Mama, kunywa maziwa ya ngamia.

— Wacha wewe, Kisu akamkata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtoto ameinama miezi tano, figo itakosaje kubanwa?

Naisenya karibu acheke. Lakini swali lilimwasha kuliko hofu.

— Na saa hii, bado inatoa matawi ama ilimaliza?

— Bado inatoa, Sindano akasema.

— Kumbe bado iko njiani.

Munyiva, muuza nyanya, alikuwa amekuja kujipatia kikombe, akasikia.

— Mimi niko na presha mwaka wa nane. Wewe ni nani alikupima?

— Mama mkwe aliona miguu imefura, akasema hiyo ni...

— Nimeuliza nani alikupima.

Sindano akakunja karatasi. Kisu akatazama miguu ya Naisenya, iliyovimba, yenye tope hadi magotini. Salad alimimina kahawa, ikajaa kikombe, ikafurika, hakuona.

Munyiva akatua kapu lake la nyanya mapajani mwa Kisu, akamshika Naisenya mkono.

— Twende, sista hafungi kliniki mpaka saa kumi.

Jioni hiyo tembe ya nne ilikuwa bado kwa kisahani.