Neno Lenye Kigugumizi

Kaka yake Fundi Saa alikuwa amezikwa wiki iliyopita, na kijiwe kilikuwa bado hakijapata jambo jingine la kuongea. Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Fundi. Redio, dereva mstaafu ambaye mdomo wake hauzimwi, alikaa mwanzoni. Wakili, muuza mitumba asiyewahi kukanyaga mahakama, alikaa kati. Muuza kahawa akamimina. Fundi alipokea kikombe kwa mikono miwili, na bado kahawa ikamwagikia suruali. Wote waliona. Wote wakageuka kutazama barabara.

— Marehemu alirogwa, Redio akaanza. Viungo vya mtu mzima havichezi vyenyewe bila ngoma.

— Na baba yao je? Wakili akadakia. Si alikufa hivyohivyo, hatambui hata wanawe? Mchawi gani huyo hana likizo?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Redio.

— Hiyo hapa haiingii.

— Inaingia. Uchawi wa akiba.

— Mimi nasema ni hizi saa, alisema muuza kahawa. Kutwa macho kwenye vyuma vidogo, mishipa inakaza.

— Marehemu alikuwa mpishi, Wakili akamkumbusha.

— Basi moshi.

Fundi alivumilia mpaka akachoka.

— Ni jeni, alisema.

— Si nilisema? Redio akaruka. Jini!

— Jeni, ndugu yangu, si jini. Daktari kanieleza. Kila chembe ya mwili ina maandishi, nusu ya baba, nusu ya mama. Mwili unayasoma na kutengeneza vitu vyake kwa kuyafuata. Sasa kwetu kuna neno limeandikwa kwa kigugumizi, kipande kimoja kinarudiwarudiwa kupita kiasi. Mwili hausahihishi. Unasoma hivyohivyo, unatengeneza protini mbovu, na hiyo ndiyo inayoua ubongo.

— Maandishi hayo umeyapata lini?

— Tangu tumboni mwa mama.

— Mbona ujana wote ulikuwa mzima? Wakili aliuliza, sauti imeshuka.

— Ubovu unajikusanya polepole.

— Haba na haba, Redio alinong'ona. Safari hii iliingia, na hakuna aliyecheka.

— Lakini wewe huna hakika kama unalo neno hilo, alisema muuza kahawa.

— Nilipimwa kabla ya msiba. Ninalo. Dawa ya kutuliza ipo. Ya kuponya hakuna.

Ndipo Fundi alipohisi mtu nyuma yake. Binti yake alikuwa amekuja kumwita chakula, mtoto mchanga mgongoni. Hakuwaamkia wazee, yeye ambaye hajawahi kuwapita bila shikamoo.

— Baba, alisema. Na mimi je?

Redio akainamia kikombe chake. Fundi alikumbuka maneno ya daktari: kila mtoto, huenda analo, huenda hana, sawa kwa sawa. Hilo si jibu la kumpa mwana. Akajisogeza, akapapasa ubao kumwonyesha nafasi.

— Kaa kwanza, mwanangu.

— Nijibu nikiwa nimesimama, baba.