Goodson Nkonde, Aliyeendesha Kivuma

Wapendwa katika Bwana, wazee, wakwe zetu wa Chisenga, na ninyi ndugu mliovuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto, poleni na safari. Mimi ni Dorica Nkonde, dada yake mkubwa. Nitasoma kwa Kiswahili kwa sababu ninyi wa ng'ambo ni wengi. Wa hapa, mwinjilisti Kafula atawaambia kwa Kibemba. Sauti ikikatika, muniwie radhi. Tumelia mpaka tumechoka.

Marehemu Goodson Nkonde alizaliwa Kashikishi tarehe 14 Machi 1921, mutoto wa mwisho wa mzee Jairos Nkonde na mama Jessy, ambao wote wametutangulia. Alizaliwa mudogo sana, hata mama akasema asipewe jina kwanza, tuone kama atabaki. Alibaki. Alitembea polepole, alikula polepole, na mimi nilimugombeza kila siku, maana vyombo nilikuwa naosha mimi.

Alisoma Mbereshi hadi darasa la nne, mwaka 1936. Hesabu alizijua. Kuimba hakujua, lakini aliimba. Mwaka 1940 aliingia jeshini, akafundishwa udereva wa lori na ufundi wa injini. Akarudi 1946 na koti moja na Kiswahili kingi. Vita hakupenda kuisimulia. Ukimuuliza, alikupa habari za injini.

Mwaka 1947 alipata kazi kwa Musyu Stavro, muzungu mnunuzi wa samaki wa Kasenga. Samaki wa huyo muzungu walikuwa wanaoza njiani kabla ya kufika kwenye barafu, basi mwaka 1953 akanunua huko Ulaya mashua ya doria iliyostaafishwa na jeshi la majini. Ilikuja kwa meli, kwa treni, kwa lori, mwishowe ikashushwa mto Luapula. Haikuwa na injini kama hizi zetu. Ilikuwa na mtambo wa kuzungushwa na moto, ndugu ya ule wa ndege, wenyewe wanauita turbini, na ulikunywa mafuta ya taa. Wiki ambayo mashua ilisafiri sana, maduka ya Nchelenge yalikosa mafuta ya kuwasha taa, tukalala mapema. Watu wa Mwansabombwe walidai kwamba wanaisikia kutoka kwao. Ndiyo tukaiita Kivuma. Na usukani akapewa nani? Goodson, mutu wa polepole! Tulicheka, jamani.

Mnajua kutumpula: wavuvi wanapiga maji kwa fimbo, samaki wanaogopa, wanakimbilia nyavuni. Ilikuwa imekatazwa. Lakini Kivuma ikipita kando ya matete na sauti yake, samaki walikimbia kuliko kwa fimbo yoyote. Wavuvi waliona hilo mara moja. Kila asubuhi walikuja kwa Goodson na adabu nyingi: "Ba Goodson, leo mutapitia wapi?" Naye alijibu, "Mimi ni wa kubeba samaki, si wa kuwafukuza." Halafu alipitia pale walipomuomba. Hivyo ndivyo alivyokuwa, hakujua kusema hapana.

Alifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1950 na Idah, mutoto wa huyu mama yetu Bana Misheck, ndiyo kusema mama yake Misheck, wa hapa Chisenga. Kwetu mukwe haingii hivi hivi kwa mama mukwe. Hamuangalii usoni, hali mbele yake, hapiti mlango wake, mpaka siku wakwe wanapomupikia kuku, wanamuingiza ndani na kumulisha. Kuanzia siku hiyo ni mutoto wa nyumba. Siku ya Goodson ilipangwa iwe Agosti 1954.

Ijumaa tarehe 9 Julai mwaka huo, Misheck, kaka yake Idah, alimuomba, "Shemeji, pitia karibu na nyavu zangu. Mara moja tu." Goodson akapitia. Musyu Stavro alikuwa ndani na shehena, anapiga kelele, "Kimbiza! Samaki inaoza!" Goodson akakimbiza. Wimbi la nyuma lilipindua mutumbwi, na Misheck akanaswa katika nyavu zake mwenyewe. Goodson aligeuza mashua, akaruka majini na kisu. Alimutoa amekwisha kufa.

Kwenye matanga Bana Misheck alimuambia mbele yetu sote: "Najua mutoto wangu ndiye alikuomba. Lakini usukani ulikuwa mu mukono yako. Samaki yako nitakula. Wewe utabakia inje."

Kesho yake Goodson aliacha kazi. Dereva mwingine aliendesha, mpaka mwisho wa 1955 mtambo ulipomeza matete na mchanga, ukasaga meno, ukanyamaza. Vipuri kutoka Ulaya havikufika. Muzungu aliung'oa akaupeleka Kasenga, na mimi nimeuona kwa macho yangu, kuku wanataga ndani yake. Mashua yenyewe iliachwa mchangani Nchelenge. Akina mama walianikia samaki juu yake. Baadaye watu wakabandua ubao mmoja mmoja, huyu kigoda, huyu dirisha, mwingine mlango wa choo. Mwaka jana zilibaki mbavu tu, na mvua ikazichukua. Jirani alimuambia Goodson, "Wewe uliyeiendesha, chukua basi hata ubao." Akajibu, "Hapana. Mule mutu amekufa." Hakuchukua hata musumari.

Akarudi kuvua kwa kasia. Kila Jumamosi alileta samaki kwa Bana Misheck, na kila Jumamosi alikaa inje, kwenye kuni, Idah akimutolea chakula. Mvua ikinyesha alisogea chini ya paa, hapo hapo ukutani. Miaka mitano! Mimi nilikasirika. "Mama wee, Goodson, rudi nyumbani, hata mbwa anachoka!" Akaniambia, "Dada, siku wakiniita nisipokuwepo, itakuwaje?"

Mwezi wa sita mwaka huu kifua kilianza kumusumbua. Hospitali ya misioni walimupa dawa, wakatuambia mapafu yamechoka. Mwanzoni mwa Septemba Idah alimuleta hapa kwa mutumbwi ili ndugu zake wamusaidie kumuuguza. Tukamulaza kwenye mukeka, kwenye kibanda cha jiko, maana ndani hakuruhusiwa. Jumatano Bana Misheck alimuangalia muda mrefu. Halafu akatuma watu wawaite mashangazi, akachagua kuku. Alisema mukwe ataingizwa kesho, na kwa desturi yote, si kama mutu anayefichwa.

Alhamisi asubuhi, tarehe 17 Septemba 1959, kuku alikuwa jikoni. Goodson alisikia harufu. Akauliza, "Ni kuku?" Idah akamujibu, "Ni kuku." Alicheka kidogo. Kabla sufuria haijaepuliwa, akafa. Alikufa inje. Nilitaka kumulaumu huyu mama, nilikuwa na maneno tayari mudomoni.

Wanaume walianza kumuandalia mahali pa kulala pale kibandani. Bana Misheck akasimama mlangoni, akasema, "Nani amewaambia mukwe yangu atalala inje?" Basi waliinama, wakamupitisha mlango ule, wakamulaza mahali alipokuwa akilala Misheck.

Marehemu ameacha muke wake Idah, watoto Kabwe na Mwewa, mimi dada yake, na mama. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika "mama mukwe". Asubuhi hii Bana Misheck amesomewa, akasema neno la pili nilifute. Nimelifuta.

Tukitoka kaburini, naomba musitawanyike. Huyu mama amepika upya. Ni kile chakula cha kumuingiza mukwe, na mwenyewe hawezi tena kukila. Anaomba tuingie wote ndani, tukae chini, tukile kwa jina lake. Goodson, mudogo wangu, wamekuita na ulikuwepo. Pumzika sasa.